Sehemu Tatu kati ya Tano



Nimepewa dakika tano, nami nitazitumia kwa hesabu moja tu. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ilipendekeza Mwafrika alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu, hata kama elimu na kazi zao ni sawa. Mzungu akipata shilingi 500, Mwafrika 300. Dukani, bila shaka, sukari ilikuwa bei moja!

Watumishi Waafrika hawakunyamaza. Hapa Tanganyika walikuwa na chama chao, na Rashidi Kawawa alipata kukiongoza. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ilipendekeza mishahara ya rangi ifutwe. Shule za rangi zilingoja hadi Januari 1962.

Sasa ninyi wenye makampuni, na mko wengi humu, niwieni radhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Nimeona daftari ambamo mama mtunza stoo anapata pungufu kuliko kijana aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Nikauliza sababu. Nikajibiwa, "Ana mume."

Hiyo ni hesabu ya Holmes. Jumatatu, kabla ya kutia sahihi, someni daftari zenu jina kwa jina. Anayetaka kusaidiwa kupiga hesabu ya malimbikizo, nipo hapa mpaka saa kumi.