Anayehamia Qurus aende na jembe lake



Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, chai ya saa nne haimaliziki siku hizi bila mtu kutamka kwamba amechoka na jiji. Huyu analalamika kwamba mwenye nyumba wa Kimara ametaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Yule anaeleza kwamba huondoka Mbagala alfajiri watoto hawajaamka, na hurudi wakiwa wamekwisha lala. Wa tatu, ambaye amebakiza miaka michache afikie umri wa kustaafu, anatoa wazo alilolificha kwa muda mrefu: kuhama kabisa, akajenge mahali penye hewa ya baridi na nafasi ya kupumua. Ndipo jina la Karatu linapotajwa, na anayeifahamu zaidi wilaya hiyo hutaja Qurus.

Malalamiko hayo yana msingi. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Katika miaka kumi limeongezeka kundi la watu zaidi ya milioni moja, na wote wanataka chumba, maji, nafasi katika basi na dawati la mtoto. Mtumishi wa kima cha kati anayepanga pembezoni mwa jiji hulipa mara mbili: hulipa kodi kwa fedha, kisha hulipa safari kwa saa za maisha yake. Mtu wa namna hiyo akitaka kuondoka, hana sababu ya kulaumiwa. Linalofaa kuulizwa ni jambo jingine. Anakwenda kufanya nini, na anakwenda katika ardhi ya nani?

ARDHI YENYE WENYEWE

Qurus ni kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, katika uwanda wa juu ulio chini ya misitu ya Ngorongoro. Wakulima wa huko hulima mahindi, maharage, mbaazi na ngano, na mwezi wa Julai usiku wake humlazimisha mtu wa pwani kutafuta blanketi la pili. Msafiri anayepita kwa gari kuelekea kreta huona mashamba mapana na nyumba zilizoachana, akadhani ardhi ni tele. Macho yake yanamdanganya.

Historia ya uwanda huo ni historia ya kuhama. Kabla ya Wairaqw kuenea huko, Wamaasai na Wadatoga walichunga mifugo yao katika nyika hizo. Wairaqw wenyewe walitoka Irqwa Da'aw, milima iliyo karibu na Mbulu, mahali ambapo watu walikuwa wengi na ardhi chache, hata mkulima akalazimika kutunza kila kipande cha mteremko kwa samadi na makingamaji. Katika karne ya 20, na hasa wakati wa utawala wa Waingereza, familia nyingi zilishuka kutoka milimani, zikafyeka vichaka, zikaanzisha mashamba mapya hadi Karatu. Walikuwa wanakimbia msongamano, kama anavyoukimbia leo mpangaji wa Kimara. Tofauti ni kwamba walikwenda na ng'ombe wao, mbegu zao na mikono yao, na kijana aliyehama alihama ili alime.

Lakini hata wao hawakusalimika na tamaa. Kilimo cha ngano kwa matrekta kilipopanuka Karatu katika miaka ya 1950 na 1960, wachache wenye mtaji walijitwalia maeneo makubwa, na jirani asiye na trekta akabaki na kishamba chake. Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa maswali magumu ambayo siasa ya ujamaa ilikumbana nayo katika wilaya hiyo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Fundisho lake halijapitwa na wakati: fedha ikiingia kijijini bila kusimamiwa, hununua kwanza ardhi ya aliye mnyonge.

JEMBE NA UKUTA

Leo fedha inaingia tena Karatu, kwa njia nyingine. Tangu barabara ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro iwekwe lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, hoteli za watalii zimeongezeka na viwanja vimepanda thamani. Mstaafu anayefika na kiinua mgongo chake si tajiri mbele ya wakubwa wa Dar es Salaam. Lakini mbele ya mkulima mwenye karo ya kulipa na mgonjwa wa kutibu, ni tajiri. Ekari mbili atakazoziona rahisi ni ekari mbili ambazo kijana wa Qurus alikuwa azirithi. Akizinunua, akazizungushia ukuta, akaweka mlinzi na kurudi mara mbili kwa mwaka kupunga upepo, atakuwa ameuhamisha mji na ubaya wake wote: bei imepanda, nafasi imepungua, na jirani hamjui jirani.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, nayo halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo makubaliano ya faragha kati ya mnunuzi na mwenye shida, yaliyoandikwa usiku kwenye karatasi ya daftari, si njia halali ya kuwa mwanakijiji. Mtumishi wa umma, ambaye kazi yake ni kuwafundisha wengine kufuata sheria, anapaswa kuwa wa kwanza kusimama mbele ya mkutano huo mchana, akaulizwa maswali na kuyajibu.

Na maswali yapo. Maji ya uwanda wa Karatu hayana ziada. Kila bomba jipya huongeza foleni ya ndoo mahali fulani. Udongo wake hubebwa na mvua, na makorongo yaliyokata mashamba yanaonekana kwa macho. Mgeni anayekuja kupumzika tu atauongeza mzigo huo. Mgeni anayekuja kuishi atauliza kamati ya maji inakutana lini, atachimba makingamaji katika shamba lake, atapanda miti, na atajifunza kusalimia kwa Kiiraqw kabla ya kudai kusalimiwa.

HIARI NA WAJIBU

Taifa hili limekwisha kuona uhamaji wa namna nyingine. Wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 baadhi ya watu walihamishwa kwa nguvu. Na chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini wakapelekwa mashambani, na wengi wakarudi. Mtu aliyepakiwa kwenye lori hana moyo wa kupanda mti. Anayehama leo kwa hiari yake ana bahati ambayo hao hawakuipata, na bahati hiyo inamdai wajibu.

Wajibu huo unawahusu zaidi walimu. Ni ajabu kwamba mtumishi yule yule anayeisifu Karatu kuwa mahali pa kujenga nyumba ya uzeeni, akipewa barua ya uhamisho kwenda huko akiwa na miaka 30, huzunguka ofisi zote akitafuta kuibatilisha. Kijiji kinachofaa kumlaza mzee kinafaa pia kumpokea kijana mwenye chaki mkononi. Watoto wa Qurus wanamhitaji mwalimu wa hesabu sasa, akiwa na nguvu. Hawawezi kungoja afikishe miaka 60 aje na kiti cha kuegemea.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayetaka kuiacha kodi ya Kimara na vumbi la Mbagala aende, na njia iwe nyeupe. Lakini asingoje kupewa jembe siku ya tatu. Aende nalo, alionyeshe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na aseme wazi atalima wapi na atamfundisha nani.