Sanduku la Pili: Mchezo na Moyo wa Mtoto

(Maneno ya Kamati ya Watoto siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa dakika chache, maana wa hesabu wamekwisha sema na pilau linanukia. Sanduku la kwanza mnalijua, lile la kufuli tatu. Sisi tutasema la pili, lisilo na kufuli. Mna vifuu, vizibo vya soda, vijiti, udongo wa mfinyanzi na wanasesere wanane wa vitambaa tulioshona wenyewe. Wengine mliuliza: fedha ya mfuko wa jamii iende kwenye midoli, na wagonjwa je? Lilikuwa swali la haki, na leo tunalijibu.

Mwaka wa tatu wa kikundi tulifiwa na mwenzetu. Binti yake wa miaka sita akawa anakuja mkutanoni na bibi yake. Sisi tukihesabu hisa, yeye yuko chini ya mwembe: anachimba kashimo, analaza kijiti, anakifukia, anakifukua tena. Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili mmoja wetu akamnyang'anya kijiti, "We mtoto, usituletee mkosi!" Na sisi tuliobaki tuliitikia, kwa hiyo lawama ni yetu sote. Mtoto akaacha kuchimba. Akaacha na kusema. Bibi akatwambia usiku analowesha kitanda, jambo alilokwisha liacha zamani.

Mwalimu mmoja wa chekechea ndiye aliyetufumbua macho. Alitukumbusha kuwa mtu mzima akifiwa hukaa matanga, na kila ajaye kutoa pole humsimulia upya yaliyotokea. Mtoto yule maneno hayo hakuwa nayo. Alikuwa na kijiti, nacho tukakichukua.

Kumbe jambo hili lina wataalamu wake. Daktari Margaret Lowenfeld alifungua kliniki ya watoto London mwaka 1928. Aliwapa watoto trei ya mchanga na vitu vidogo vidogo, na watoto wenyewe wakaviita "dunia". Huko Marekani, Virginia Axline aliandika kitabu mwaka 1947 akisisitiza kwamba mtoto ndiye aongoze mchezo. Mkubwa afuate, amkubali alivyo, aweke mipaka michache tu ya lazima. Jamani, kufuata ni kazi! Mama akiona mwanasesere analishwa mchanga, mikono inamwasha afundishe mapishi.

Tukapanga zamu. Kila mkutano mmoja wetu hukaa mkekani na watoto, hisa zake anahesabiwa na wenzake. Haulizi "mbona umemzika?" Husema anachokiona tu: "Umemlaza. Umemfunika." Basi. Mpaka wetu ni mmoja: hapigwi mtu. Yule binti alizika kwa majuma mengi. Siku moja akamfukua mwanasesere, akampangusa mchanga, akamwambia yule mdogo, "Mama harudi. Bibi yupo." Aliyekuwa zamu alijifanya anafunga khanga upya ili asionekane machozi.

Polepole kitanda kikaanza kuamka kikavu. Hatusemi ni mchezo peke yake. Bibi alimlaza kifuani kila usiku, na siku nazo zilipita. Sasa ana miaka 13. Tumesimulia haya kwa idhini yake na ya bibi, na wanasesere wawili kati ya wale wanane ameshona yeye.

Lakini sisi si matabibu. Mtoto asiyetaka kula, anayejiumiza, au ambaye mchezo wake unaonyesha huenda ametendewa ubaya, hatumalizi naye mkekani wala hatumhoji. Tunakwenda kwa ofisa ustawi wa jamii au hospitali, siku hiyo hiyo.

Na anayesema tunadekeza watoto ajue kuwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unataja kucheza katika kifungu cha 31. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakutaja.

Sanduku liko pale mlangoni, karibuni mlitazame. Udongo umekwisha na mwanasesere mmoja amepasuka tumbo. Mwenye vipande vya khanga avilete mkutano wa Alhamisi, na uzi pia.