Amina ya Watu Wote

Jumapili ya 3 ya Mwaka C
Masomo: Neh 8:2-4, 5-6, 8-10, 1 Kor 12:12-30, Lk 1:1-4, 4:14-21



Masomo ya leo yanatupeleka katika ibada mbili. Ya kwanza ni ya Yerusalemu, uwanjani mbele ya Lango la Maji, watu wakiwa wamekwisha kurudi kutoka uhamishoni na kuujenga tena ukuta wa mji wao. Ya pili ni ya Nazareti, katika sinagogi, siku ya Sabato. Huko Yerusalemu anasoma Ezra, kuhani na mwandishi, akiwa juu ya jukwaa la mti lililotengenezwa kwa ajili ya shughuli hiyo. Huko Nazareti anasoma Bwana wetu mwenyewe. Lakini leo tungependa tuwaangalie hasa wale ambao Maandiko yanawapitia kwa haraka: mafundi waliochonga jukwaa lile, Walawi waliosoma kwa sauti ya kusikika na kuwaeleza watu maana, na yule mtumishi wa sinagogi ambaye Yesu alimrudishia kitabu alipomaliza kusoma.

Watu wa namna hiyo tunao katika kila parokia na kila kigango. Yupo anayefungua kanisa alfajiri na kupanga viti. Yupo mama anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Wapo wasomaji, watumikiaji, wahudumu wa Komunyo Takatifu wanaowafikia wagonjwa majumbani, na wapo makatekista wanaoongoza ibada ya Jumapili kule ambako padre hufika mara moja kwa mwezi, au pengine mara chache kuliko hivyo. Wapo wapiga kinanda na wanakwaya wanaotoka kazini jioni, kabla hata ya kula, wakaenda mazoezini. Wengi wao hawapati mshahara wowote. Wanajitolea.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitamka kwamba watumikiaji, wasomaji, waelekezaji na wanakwaya wanatimiza huduma ya kweli ya kiliturujia. Yaani si wasaidizi wa kujaza pengo la padre. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliziweka huduma za usomaji na utumishi wa altare mikononi mwa walei, ingawa wanaume tu. Mwaka 2021 hayati Papa Fransisko alizifungua huduma hizo mbili kwa wanawake pia, na mwaka huohuo akaanzisha rasmi huduma ya katekista. Tena tarehe 23 Januari 2022, Jumapili iliyokuwa na masomo haya haya ya leo, aliwakabidhi walei, wake kwa waume, huduma ya usomaji na ya ukatekista katika Basilika la Mtakatifu Petro. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Neno la Mungu, ambayo Papa huyo aliiweka mwaka 2019, nayo ndiyo tunayoiadhimisha leo.

Basi heshima ya huduma hizi haina shaka. Neno tunalotaka kulisema linaanzia pale kwa yule mtumishi wa sinagogi. Luka anasema Yesu alipewa kitabu, akasoma, akakikunja, akakirudisha, akaketi. Mwana wa Mungu, ambaye Isaya aliandika habari zake, alikipokea kitabu kutoka mikono ya wengine, tena alipokwisha kusoma hakuondoka nacho. Je, sisi tunaokabidhiwa kitabu, au kinanda, au ufunguo wa sakristia, tunajua kukirudisha?

Tuwatazame wanakwaya, kwa maana ndio wengi, na ndio tunaowapenda mno. Tuseme kwanza lililo jema. Kwaya zimewashika vijana wetu katika Kanisa katika miaka ambayo mambo mengine mengi yaliwavuta nje. Wapo watu wazima ambao Zaburi wanazozijua kwa moyo walizijua kwa kuimba, wakizisoma kwa nota za do-re-mi zilizoandikwa kwa mkono katika madaftari. Mtaguso wenyewe uliagiza kwaya zikuzwe kwa bidii, na kuhusu nchi za misioni ukaagiza muziki wa jadi wa watu upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka huohuo wa 1963 mwenzetu wa Tanzania, Padre Stephen Mbunga, alitoa kitabu chake Church Law and Bantu Music, akionyesha kwamba sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu vinaweza kukaa nyumba moja. Tunda la kazi ya watu kama hao tunalila sote tunapoimba Misa nzima kwa Kiswahili, kwa ngoma na kayamba.

Sasa turudi pale Lango la Maji. Ezra alipomhimidi Bwana, watu wote waliitika Amina, Amina, huku wameinua mikono yao. Wote: waume kwa wake na kila aliyeweza kusikia na kuelewa. Ibada ile ya tangu alfajiri hadi adhuhuri ilikuwa na wasomaji wake na wafafanuzi wake, lakini jibu lilikuwa la umati. Je, katika makanisa yetu Amina hiyo iko wapi? Tunaingia kanisani Jumapili, kwaya inaanza wimbo uliotungwa mwezi uliopita, wenye sehemu nne na mizunguko yake, na watu mia kadhaa wanatazama. Inafika sala ya Mtakatifu, ambayo ni ya watu wote pamoja na malaika, nayo ina tuni mpya, watu wanatazama. Zaburi ya wimbo wa katikati, ambayo ni Neno la Mungu lililopangwa kuitikia somo la kwanza, imewekwa kando na mahali pake umeimbwa wimbo mwingine unaopendeza. Baada ya Misa tunasema kwaya imeimba vizuri. Na kweli imeimba vizuri.

Wengine huilaumu ngoma. Kwa maoni yetu ngoma haina hatia. Ngoma huwaamsha watu. Mwenye hatia mara nyingi ni kipaza sauti. Kinapofunguliwa mpaka mwisho, mtu aliye benchi la kumi hasikii sauti yake mwenyewe wala ya jirani yake, naye hunyamaza pole pole, Jumapili baada ya Jumapili, hata akasahau kwamba aliwahi kuimba. Hatia nyingine ni ya mwalimu wa kwaya anayeanzisha wimbo juu mno, mahali ambapo sauti ya kwanza yake inafika bila shida, lakini bibi wa Jumuiya hawezi. Mjue kwamba bibi yuleyule, siku ya sala za Jumuiya Ndogo Ndogo, uani kwa jirani, bila kinanda, ndiye anayeanzisha nyimbo na wote wanaitikia. Sauti anayo. Kanisani ameazima tu ukimya wetu.

Hati ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturujia, Musicam Sacram, iliweka utaratibu ambao tungeomba kila mwalimu wa kwaya aujue. Inasema vitu vya kuimbwa vina ngazi. Ngazi ya kwanza ni mazungumzo kati ya padre na watu: salamu na jibu lake, mwaliko wa utangulizi, Mtakatifu, Baba Yetu. Ya pili ni Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo, Nasadiki. Ngazi ya tatu ndiyo yenye nyimbo za kuingia, za matoleo na za Komunyo. Tena hati inasema ngazi ya kwanza yaweza kuimbwa hata bila nyingine, lakini zile nyingine zisiimbwe bila hiyo ya kwanza. Sisi tumeugeuza utaratibu huo juu chini. Miezi mitatu tunafanyia mazoezi wimbo wa matoleo, na jibu la watu kwa padre linasemwa kwa uvivu kama watu wanaojibu mahudhurio shuleni.

Mtume Paulo aliyafahamu haya. Katika somo la pili anawaambia Wakorintho kwamba jicho haliwezi kuukataa mkono, na kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya lazima zaidi. Sura mbili mbele, katika barua ileile, anauliza mtu wa kawaida aliyeketi pale ataitikiaje Amina kama haelewi kinachosemwa. Kipimo chake cha karama ni hicho: je, yule wa nyuma kabisa amejengwa?

Lipo na jambo la sare. Tunalisema kwa upole kwa kuwa tunajua linagusa wengi. Sare ni nzuri, inaondoa mashindano ya nguo na kuwafanya maskini na tajiri wafanane. Lakini sare ya tatu na ya nne, na mchango wa safari, na mchango wa kurekodi nyimbo, vinapokuwa masharti ya kusimama pale mbele, basi kile kilichowekwa kiondoe mashindano kimeyarudisha kwa mlango mwingine. Binti mwenye sauti njema ambaye mama yake anauza mboga hatakuja kumwambia katibu wa kwaya kwamba hana fedha. Ataacha kuja mazoezini, na jina lake litafutwa kwa utoro. Katika somo la kwanza, watu walipoambiwa waende wakale na kunywa kwa furaha, waliagizwa papo hapo wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Kwaya yenye mfuko wake, nazo nyingi zinao, yaweza kulitimiza hilo bila tangazo.

Hadi hapa tumewasema wanaojitolea. Haki inataka tuwaseme na wanaojitolewa, yaani sisi wengine tuliokaa kwenye mabenchi, pamoja na halmashauri zetu. Kitabu cha Nehemia hakiishii katika ile siku ya furaha. Ukisonga hadi sura ya 13, utakuta Nehemia alikuwa amekwenda kwa mfalme, na aliporudi Yerusalemu alikuta mambo mawili. Chumba kikubwa cha Hekalu, kilichowekwa kwa ajili ya nafaka, divai na mafuta ya Walawi, waimbaji na wangoja malango, kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia akitumie, na Tobia amejaza humo vyombo vyake. Na Walawi pamoja na waimbaji hawakuwapo. Sehemu zao hazikutolewa, kwa hiyo kila mmoja amekimbilia shambani kwake.

Tusikilize vizuri neno hilo. Hawakuasi. Hawakuhamia miungu mingine. Walikwenda kulima kwa sababu watoto wao walikuwa wanahitaji kula. Ni wangapi kati ya makatekista wetu wamekimbilia shambani namna hiyo, na sisi tukasema wamepoa kiroho? Katekista anatembea kutoka kigango hadi kigango kwa miguu au kwa baiskeli isiyo na breki, anafundisha wakatekumeni, anazika, anapatanisha wagomvi, na siku ya mavuno anatangaza michango ya watu wote isipokuwa haja yake. Mpiga kinanda anakuja mara tatu kwa wiki kwa nauli yake mwenyewe. Tunawaambia Mungu atawalipa. Atawalipa kweli, lakini hatukumbuki kwamba Mungu amezoea kulipa kwa mikono ya watu.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inapambanua jambo hili kwa hekima. Kanuni ya 230 inasema kwamba kupewa huduma ya usomaji au ya altare hakumpi mtu haki ya kudai malipo. Hiyo ni sawa. Hatutaki kuuza Neno. Lakini kanuni inayofuata, ya 231, inasema walei wanaojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, iwe ya kudumu au ya muda, wana wajibu wa kupata malezi yanayofaa, na wana haki ya ujira wa heshima utakaowawezesha kujikimu wao na familia zao. Kila halmashauri ya parokia inaweza kukaa na paroko na kupima nani katika parokia yao anaangukia wapi. Pasipo uwezo wa ujira, pana nauli. Pasipo nauli, pana siku ya kumlimia katekista shamba lake, jambo ambalo Jumuiya zetu zinaliweza pasipo kusubiri kikao.

Nehemia hakuishia kulalamika. Aliwakemea wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Vyombo vya Tobia alivitupa nje, chumba kikatakaswa, na vyombo vya Hekalu vikarudishwa mahali pake. Aliwakusanya Walawi na waimbaji akawasimamisha tena kila mmoja katika nafasi yake, na Yuda wote wakaleta zaka ghalani. Halafu akaweka watunza ghala watu waliohesabiwa kuwa waaminifu, kazi yao ikiwa kuwagawia ndugu zao. Huenda katika parokia zetu kuna chumba kama kile, au fungu kama lile, lililokwisha kupata Tobia wake. Wanaohusika wanajijua.

Jumapili ijayo tutaendelea na barua hiyohiyo kwa Wakorintho, hadi sura ya 13, ambamo Mtume anataja shaba na upatu. Tunamwomba aliyepangiwa kusoma somo hilo achukue kitabu leo baada ya Misa, alisome nyumbani kwa sauti mara mbili tatu, na akirudishe. Nao walimu wa kwaya tunawaomba wiki hii watenge nusu saa ya mazoezi kwa wimbo wa katikati peke yake, na kabla ya Misa wawafundishe waamini kiitikio chake, vipaza sauti vikiwa vimezimwa.

Mungu Mwenyezi awabariki ninyi nyote, na hasa wanaojitolea katika parokia na vigango vyenu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.