Nauli ya kurudi kwanza

Ndugu msikilizaji, tumezoea kumwona kijana wa Kizungu akishuka kwenye basi, shanta mgongoni, akiulizia gesti ya bei nafuu. Hatumshangai. Lakini kijana wetu akisema anakwenda nchi ya jirani kutembea tu, bila biashara, bila harusi wala msiba, wazee humkalia kikao: "Fedha hizo si ungenunua mabati?"

Mabati ni muhimu, sikatai. Hata hivyo wahenga walisema tembea uone, na hawakusema tembea ukiwa tajiri. Mtu wa kipato cha kawaida anaweza kusafiri nje, mradi ajue wapi pa kubana matumizi na wapi pasipobanwa.

Tuchukue safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya huko Livingstone, Zambia, yale ambayo wengine huyaita Victoria. Mtanzania haombi viza kwenda Zambia kutembea. Iko barabara ya lami kupitia Mbeya na Tunduma hadi Lusaka, na mabasi yapo. Iko pia reli ya TAZARA, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ila ulizia kwanza stesheni kama treni ya abiria inasafiri, usije ukapanga safari kwa mazoea.

Kwanza, pa kubana. Bana mzigo: nguo tatu, kanga au shuka, sweta, sabuni. Mzigo mdogo unaubeba mwenyewe, humlipi mchukuzi wala teksi. Sweta si pambo, kwani Juni na Julai baridi ya Zambia inauma. Bana malazi: ulizia gesti mchana, uone chumba, mlango na kitasa kabla ya kulipa. Bana chakula kwa kula wanachokula wenyeji. Nshima ni ugali wetu, na kapenta ni dagaa wetu hasa, maana wale wa bwawa la Kariba walitolewa Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1960 wakapandikizwa huko.

Chagua pia msimu. Maji ya Mosi-oa-Tunya hujaa sana kati ya Machi na Mei. Ukienda Oktoba au Novemba, upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu, na nauli yako imekwenda bure.

Sasa, pasipobanwa. La kwanza ni muhuri. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliogawanywa na mpaka, na vijana watakuonyesha njia ya panya bila aibu. Usiifuate. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani ambapo maofisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja. Panga foleni, gongewa muhuri, kisha soma siku ulizopewa. Foleni ya saa mbili ina nafuu kuliko mahabusu ya wiki mbili.

La pili ni afya. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Hata pale ambapo nchi unayokwenda haikidai, nchi utakayopitia yaweza kukidai. Beba na chandarua. Mbu wa ugenini naye ni mbu.

La tatu ni fedha. Mpakani utazingirwa na wabadilishaji wenye maburungutu. Badilisha benki au duka lenye kibali, hata kama kiwango ni kidogo. Zambia ilifuta sufuri tatu katika kwacha yake tarehe 1 Januari 2013, kwa hiyo ukipewa noti ya kwacha 50,000, umepewa karatasi.

Usisahau saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na wenyeji huhesabu saa kwa Kiingereza. Ukiambiwa basi linaondoka saa ya sita asubuhi, maana yake ni saa 12 alfajiri kwa hesabu yetu. Ukifika adhuhuri, utakuta vumbi.

Jambo kubwa kuliko yote ni nauli ya kurudi. Kabla hujahesabu nauli ya kwenda, tenga ya kurudi, ifungashe peke yake, na usiiguse hata ukiona kitenge kizuri namna gani. Ofisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza utarudije, na hilo ni swali la haki. Anayeishiwa ugenini hujikuta akipiga simu nyumbani usiku, na hapo wale waliosema "mabati" huwa wameshinda hoja. Mbaya zaidi, huwa tayari kukubali kazi yoyote kutoka kwa mtu yeyote, na wapo wanaowangojea vijana wa namna hiyo.

Ndugu msikilizaji, ukienda na nauli ya kurudi, cheti na muhuri, hata kama kila siku umekula nshima na mboga, wewe ni mgeni mwenye heshima. Jifunze na kushukuru: Lusaka sema "zikomo", Livingstone sema "twalumba". Hilo halina gharama.

Kwaheri hadi wiki ijayo.