Maumivu Yanayoshuka Mguuni

[Muziki wa kipindi, unashuka taratibu]

Leo tunaongea juu ya maumivu yanayoanzia kiunoni au kwenye tako, yanashuka nyuma ya paja, yanafika mpaka unyayoni. Yanachoma kama moto, na mguu unakufa ganzi. Ukikohoa au kupiga chafya, yanazidi.

Hapa kambini wengi wakiyapata husema, "Nimekanyaga dawa, jirani amenitegea." Jamani, kabla ya kumlaumu jirani, tuuangalie mgongo.

Uti wa mgongo una pingili, na kati ya pingili kuna vito laini. Kito kimoja kikichomoza, kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mguu ndio unaolia, lakini ugonjwa uko mgongoni. Hospitalini wanaita sayatika. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wanasema siatiki.

Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Ukiinama na kuinyanyua kwa kujipinda, mgongo ndio unaobeba yote. Basi piga goti, ivute karibu na kifua, nyanyuka kwa nguvu za miguu. Kama mgongo tayari unauma, jaza nusu, urudi mara ya pili, au omba mtoto mkubwa akusaidie.

Je, ukishaugua? Habari njema ni kwamba wengi hupona bila kupasuliwa, ndani ya majuma kadhaa. Pumzika siku moja au mbili, lakini usilale mkekani mwezi mzima. Tembea kidogo kidogo, kila siku ongeza hatua. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, kisiunguze. Ukilala ubavu, weka nguo iliyokunjwa kati ya magoti. Dawa ya maumivu iombe kituo cha afya. Kama una mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, sema kwanza. Usikubali mtu akukanyage mgongo au akuchanje kwa wembe.

Sasa sikilizeni vizuri. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona haya:

Moja, mkojo unakataa kutoka, au mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua.

Mbili, sehemu za siri na katikati ya matako zimekufa ganzi.

Tatu, mguu unapoteza nguvu, unyayo unaburuta chini.

Nne, maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali.

Ukichelewa, mguu unaweza kubaki dhaifu maisha yote, na mkojo usizuilike tena.

Na kama mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe. Kifua kikuu hushika hata mgongo, na kina dawa.

Najua, mama, ni vigumu kumwambia mganga kijana habari za mkojo. Baba, na wewe unaona haya. Omba kuongea faragha, au mtume mtu unayemwamini akusemee. Lakini isemwe leo. Aibu inapita, mguu uliopooza unaweza usirudi.

Mfikishieni habari hii jirani asiye na redio. Tukutane kipindi kijacho. Muwe na afya njema.

[Muziki unapanda]