MACHO KAZINI, NA NJIA YA KUPANDA CHEO

(Hotuba iliyosomwa Kibugu, Embu, mbele ya wafanyakazi waliokuwa nyumbani kwa likizo)



Nimeombwa niseme juu ya mambo mawili yanayokwenda pamoja kama reli mbili za njia moja. La kwanza ni kuweka moyo na macho kazini. La pili ni kupanda cheo na kupata mshahara mwema. Ukiondoa reli moja, gari haliendi.

Mimi sina elimu kubwa. Nilisoma shule ya misheni mpaka mwisho wa praimari, basi. Nafanya kazi katika gengi la kutunza njia ya relwe. Humu naona watu wa kiwanda cha chai, watu wa kahawa, makarani, madereva na mafundi. Kazi zetu ni mbali mbali, lakini nadhani haya yatamfaa kila mmoja.

Nyumbani kwetu hapa reli haikufika. Mtu wa Kibugu akitaka kuiona huteremka mpaka Sagana, kwenye njia itokayo Thika kwenda Nanyuki. Njia hiyo ililala miaka mingi, na treni zikarudi tena mwaka 2020. Lakini kazi ya macho twaijua hapa tangu utoto. Nani hapa hajachuma kahawa? Ukitia tunda bichi pamoja na mabivu, kahawa yote ya debe lako huharibika. Katika chai twachuma majani mawili na chipukizi, si majani matatu wala manne. Mama zetu wamefanya kazi hii kutwa nzima, na hakuna mnyapara aliyewashika mkono. Basi asituambie mtu kwamba Mwafrika hana uangalifu. Uangalifu tumezaliwa nao. Tatizo ni kuuchukua mpaka kazi ya mshahara.

Kwa nini nasema ni jambo kubwa? Katika relwe mtu wa gengi hutembea juu ya mataruma akitazama parafujo moja moja, akigonga kwa nyundo na kusikiliza. Baada ya mvua hutazama kalvati na daraja kama maji yamekula udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria iliyokuwa ikienda Mombasa ilianguka katika daraja la Ngai Ndethya, upande wa Mtito Andei, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamelichukua daraja. Watu zaidi ya 100 walikufa. Sisemi haya ili nimlaumu mtu. Nasema ili mjue kuwa njia ya reli hulindwa na mtu wa chini kabisa katika daftari ya mishahara. Na yule anayetazama boila ya kiwanda cha chai, au anayeendesha lori la kahawa kwenye mteremko, ni hivyo hivyo. Roho za watu zimo mikononi mwake.

Sasa, mtu atawekaje macho yake kazini? Nitataja njia nne.

Kwanza, ni usingizi. Mtu aliyekesha hawezi kuangalia, hata akiwa mcha Mungu. Hapa nawaambia na matajiri pia: usimtukane mtu kwa kusinzia ikiwa wewe ndiwe uliyemfanyisha zamu mbili. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kila mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku hiyo si zawadi, ni haki. Lakini nasi tukiipata tusiimalize kilabuni, tukarudi Jumatatu macho mekundu.

Pili, ni simu ya mkononi. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Simu ikilia mfukoni, hata usipoipokea, akili yako imekwisha kwenda nyumbani kuuliza ni nani. Mtu aliye katika reli, au karibu na mashine inayozunguka, aiweke ndani ya kabati mpaka saa ya chai. Habari za nyumbani zikiwa nzito sana, zitapita kwa mnyapara au ofisini.

Tatu, ni kusema kwa mdomo unachokifanya. Wafanyakazi wa reli wa Japani wana desturi moja ambayo mgeni akiiona hucheka. Dereva akiona ishara huinyoshea kidole na kusema kwa sauti: ishara ni kijani. Akitazama saa hunyosha kidole tena na kutaja saa. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa reli ya huko ilipima jambo hili. Watu waliofanya kazi kimya walikosea kama mara 2.4 katika kila vitendo 100. Walionyosha kidole na kusema walikosea kama mara 0.4. Desturi hii haihitaji fedha wala digrii. Inahitaji tu mtu asione haya kuchekwa. Hata ukipewa amri, irudie mbele ya aliyekupa kabla hujaondoka, naye akusikie.

Nne, ni kukabidhi zamu vizuri. Makosa mengi huingia pale mtu mmoja anapotoka na mwingine anapoingia. Wa kwanza ana haraka ya kwenda nyumbani, wa pili bado anavua koti. Kwa hiyo andika katika kijitabu: boliti ipi imelegea, mashine ipi inatoa sauti mbaya, kazi gani imebaki. Mweleze mwenzako, naye akubali kwa mdomo.

Kijitabu hicho ndicho kinachonileta katika jambo la pili, yaani kupanda cheo.

Katika siku za ukoloni Mwafrika wa relwe hakupanda kwa kazi yake. Mishahara iligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Ni mwaka 1954 tu tume ya Lidbury iliposhauri mpango huo wa rangi uondolewe katika kazi za serikali za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1956 shule ya mafunzo ya relwe ilianzishwa Nairobi, na mpaka leo chuo hicho kinafundisha. Wazee wetu walipigania mlango huo ufunguliwe. Aibu ni kuukuta uko wazi na kukaa nje.

Tena msidhani kazi yenu ni ya milele. Relwe ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 2006 njia ikakodishwa kwa kampuni, na wenzetu wengi wakaachishwa. Mwaka 2017 ukodishaji huo ukaisha, na mwaka huo huo reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ikafunguliwa, yenye mitambo mipya. Kila mara waliookoka kwa urahisi ni wale waliokuwa na ufundi pamoja na karatasi ya kuuthibitisha. Ufundi pasipo karatasi ni kama kahawa pasipo risiti: umeipeleka, lakini utadai kwa nani?

Basi fanyeni haya. Kuna mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA. Una madaraja matatu. Mtu huanza la tatu, akapanda la pili, kisha la kwanza. Mtihani huu hupima mikono kuliko kalamu, hivyo mtu wa praimari asiogope. Fahamuni pia kuwa tajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, nao haukatwi katika mshahara wako. Tajiri akikupeleka katika mafunzo yaliyokubaliwa, aweza kudai arudishiwe gharama. Kwa hiyo ukiomba mafunzo huombi sadaka. Mpelekee mwakilishi wa chama, naye aulize ofisini ushuru huo umemfundisha nani mwaka huu.

Na ukiacha kazi, usiondoke bila cheti cha utumishi. Sheria ile ile ya 2007 yamlazimisha tajiri kukupa, isipokuwa umefanya kazi chini ya wiki nne. Kiweke pamoja na shahada yako ya ubatizo na hati ya shamba.

Mwisho, wapo wanaosema: nikitia bidii, nimekuwa mtu wa tajiri, si mtu wa chama. Hasha! Chama kikienda mezani kudai nyongeza, nguvu yake ni kazi yetu. Mtu mlevi, au mtoro wa kazi, hukifunga chama mdomo. Sheria humpa kila mfanyakazi haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoifahamu kabla hajafukuzwa, na kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Lakini mwakilishi huyo atasema nini, kama daftari ya zamu imejaa makosa yako? Mpeni cha kusemea.

Watoto wa Kibugu wanaovuka Rupingazi kwenda kutafuta kazi watauliza: mtu wa kwetu aliyetangulia alifanyaje? Jina letu ndilo litakalowafungulia mlango au kuufunga.

Mwenye swali aulize, na mwenye ada ya mwezi huu asimpite mweka hazina pale mlangoni.