Kuzika Hewa Ukaa au Kuvuna Jua: Fedha za Umeme Ziende Wapi?



Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira nchini Kenya ilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Desemba mwaka huohuo, mtambo wa sola wa megawati 50 ukazinduliwa Garissa. Wapo wanaosema makaa yasitupwe bado, kwani moshi wake unaweza kutegwa na hewa ukaa ikazikwa ardhini.

Teknolojia hiyo si porojo. Kuanzia 1996, Norway ilizika kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka huko Sleipner, chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Lakini hewa ile hutokana na kusafisha gesi asilia ya hapohapo, kazi ambayo ingefanywa hata kama hakuna anayezika chochote. Kilichowasukuma kuizika ni kodi ya kaboni ya 1991.

Kwenye kituo cha makaa mambo ni mengine. Moshi hupitishwa kwenye kemikali inayonyonya hewa ukaa, kemikali hupashwa moto kwa mvuke ili iiachie, kisha hewa hushindiliwa mpaka iwe nzito karibu kama kimiminika, ndipo isukumwe chini. Na mvuke huo, kwa kawaida, unatoka kwenye boila ya kituo kilekile! Kazi hiyo inaweza kula sehemu moja ya tano ya umeme, au zaidi. Kule Kemper, Mississippi, Wamarekani walitumia zaidi ya dola bilioni 7 kwa kituo cha makaa kilichokusudiwa kutega hewa ukaa, na mwaka 2017 wakaachana na makaa, wakabaki kuchoma gesi asilia. Sisi hatuna fedha za kujifunzia namna hiyo.

Sola nayo ina ila, na ila yake ni jioni. Saa moja hadi saa nne usiku, watu wamerudi majumbani, taa, pasi na televisheni zimewashwa, Garissa haitoi kitu. Wamorocco, kule Ouarzazate, hutumia vioo kupasha chumvi iliyoyeyuka, ikatunza joto kwa saa kadhaa baada ya jua kuzama. Ni ufundi mzuri ila ghali. Sisi tuna mabwawa. Mchana sola ikibeba mzigo, maji ya Masinga kule Kenya au ya Bwawa la Nyerere kule Tanzania, lenye mitambo ya megawati 2,115, yanasubiri jioni. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, ina uzito zaidi kuliko mabishano yote ya bei ya paneli.

Je, kuzika hewa ukaa hakuna kazi kwetu? Ipo, kwenye saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa yenyewe, hata tanuri likipashwa moto kwa jua, na hapo sola haisaidii. Kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway, kilizindua mwaka 2025 mitambo ya kutega tani 400,000 kwa mwaka. Viwanda vyetu vya Wazo Hill, Tanga na Mombasa huchoma mawe ya aina hiyohiyo.

Naomba semina hii ipendekeze kwa wizara zetu kwamba fedha za umeme ziende kwenye sola na njia za kuusafirisha, na utafiti wa kuzika hewa ukaa uanzie viwanda vya saruji.